Uliza Neno: Blokibasta ni filamu kubwa, au ni filamu iliyouza?

Mwezi huu barua nyingine nimeziweka kando, kwa sababu tano kati ya zilizonifikia zinazunguka neno moja: blokibasta, lile blockbuster la Kiingereza. Kabla ya kukaa kwenye meza hii ya maneno niliendesha mashine ya sinema kwa miaka 26, kwa hiyo neno hili sikulisoma kitabuni tu. Nimelibeba kwa mikono, likiwa limefungwa ndani ya makebe ya mkanda.

Swali: Shikamoo Mzee. Mimi ni mfasiri, ndiyo kwanza naanza kazi. Nimepewa makala ya sinema yenye neno blockbuster mara saba, na kila mahali nimeandika "filamu iliyofanikiwa sana". Mhariri amenirudishia kazi, amepiga mstari chini ya sentensi hii: "Studio inaandaa filamu tatu zilizofanikiwa sana, zitakazotoka mwakani." Ameuliza zimefanikiwaje ilhali hazijatoka. Sina jibu. Halafu rafiki yangu ananiambia neno lilitokana na foleni ya watu wa tiketi inayozunguka jengo zima. Ni kweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mhariri wako amekutendea wema, maana mstari wake umepita juu ya ufa ulio ndani ya neno lenyewe.

Tuanze na foleni ili tuimalize. Si kweli, ingawa hadithi ni tamu na nimeisikia kwa watu wengi. Neno halikuzaliwa ukumbini, lilizaliwa vitani. Mwaka 1941 jeshi la anga la Uingereza lilianza kuangusha kwenye miji ya Ujerumani bomu la ratili 4,000, yaani karibu kilo 1,800. Ganda lake lilikuwa jembamba, na sehemu kubwa ya uzito wake ilikuwa kilipuzi. Halikuundwa kutoboa. Liliundwa kusukuma hewa kwa nguvu, ling'oe mapaa na kupasua madirisha ya nyumba nyingi kwa pamoja, ili mabomu madogo ya moto yaliyofuata yapate pa kuingilia. Kwa Kiingereza cha mjini, block ni fungu la majengo lililozungukwa na barabara pande zote, na buster ni kitu kinachovunja. Kufikia 1942 magazeti yalikuwa yakiliita bomu hilo kwa jina unaloliuliza: kivunja-mtaa. Kila ninapoliona neno hili kwenye bango la filamu ya kuchekesha, hunijia kwamba mtaa uliotajwa humo ulikuwa wa watu waliolala.

Watangazaji wa filamu hawakungoja vita viishe. Mwaka 1943 matangazo ya filamu za vita huko Marekani tayari yalikuwa yakilitumia, wakimwahidi mtazamaji kwamba picha itamtikisa kama bomu lile. Hapo ndipo ninapotaka utulie kidogo, kwa sababu jibu la mhariri wako limelala hapo. Neno liliingia kwenye sinema kupitia mdomo wa muuzaji, kabla mtu yeyote hajakata tiketi. Halikuwa taarifa ya mapato, lilikuwa ahadi ya mshindo.

Maana ya pili ilikuja baadaye kidogo. Variety, gazeti la biashara ya burudani lililoanzishwa New York mwaka 1905, lina lugha yake ya peke yake, na katika miaka ya 1950 lilikuwa likiliweka neno hili kwa filamu zilizoingiza pesa nyingi. Wakati huohuo lilitumika kwa filamu zilizotengenezwa kwa ukubwa usio wa kawaida. Mambo hayo mawili yalikuwa yakitembea pamoja. Televisheni ilikuwa imewaweka watu sebuleni, na studio zilijibu kwa vitu ambavyo kisanduku kidogo chenye picha nyeusi na nyeupe hakikuviweza: skrini pana, rangi, majeshi ya maelfu ya watu, mahekalu yaliyojengwa kwa mbao na plasta. Quo Vadis ya 1951 ilikuwa kubwa na ikauza. Filamu kama hiyo ukiiita blokibasta, nani atakuuliza unakusudia maana ipi? Ndivyo maana mbili zilivyogandana, na mpaka leo hazijaachana.

Aliyeikaza maana ya leo ni yule samaki papa wa filamu ya Jaws. Kabla yake filamu kubwa ilikuwa kwa kawaida ikianzia kumbi chache za miji mikuu, kisha inatambaa kwenda miji midogo kwa wiki na miezi, sifa zake zikiitangulia. Jaws ilifunguliwa tarehe 20 Juni 1975 katika kumbi zaidi ya 400 kwa siku moja, baada ya studio kutumia karibu dola 700,000 kwa matangazo ya televisheni. Watu wa biashara hueleza jambo hilo kwa pesa. Mimi hulipima kwa mkanda. Mkanda wa milimita 35 hupita kwenye mashine picha 24 kwa sekunde, karibu mita 27 kwa dakika. Filamu hiyo ina dakika 124, kwa hiyo nakala moja ni kama kilomita 3.4. Nakala zaidi ya 400 ni zaidi ya kilomita 1,300 za mkanda uliochapwa, ukakaguliwa, ukakunjwa na kutiwa kwenye makebe kabla mtazamaji wa kwanza hajakaa kitini. Anayefanya hivyo hangoji kuona kama picha itapendwa. Ameshaamua kwamba itakuwa kubwa, na amelipia uamuzi huo.

Kwa hiyo zile filamu tatu za mwakani ni blokibasta kweli, kwa maana ya namna zilivyojengwa. Zimejengwa kwa kishindo. Kama zitauza, hilo ni jambo jingine kabisa.

Sasa kazi yako. Kiswahili kinakupa njia ya kuzitenga maana hizi ambayo Kiingereza kimeipoteza, nami ningependa uitumie bila woga. Pale makala inaposema juu ya filamu inayoandaliwa, andika "filamu ya kishindo". Pale inaposema juu ya filamu iliyokwisha kuonyeshwa na kuingiza pesa, andika "filamu iliyotia fora", au ukitaka pesa ionekane wazi, "filamu iliyotia fora kwa mauzo". Usikimbilie "filamu bomba" wala "filamu babkubwa". Hayo ni maneno mazuri ya kusifu, mimi mwenyewe huyasema, lakini yanasifu uzuri na hayagusi mauzo. Filamu inaweza kuwa bomba na ikaonwa na watu 40. "Iliyovunja rekodi" usiiandike mpaka makala itaje rekodi yenyewe. Rudi kwenye zile sehemu saba, na kila mahali jiulize swali moja tu: je, watu wamekwisha kuiona?

Swali: Mzee, salaam. Mimi na kaka yangu tumebishana hadi tumenuniana. Yeye anasema filamu iliyoongoza kwa mapato mwaka mzima haiwezi kuitwa ya hasara, hesabu haikubali. Mimi nasema inawezekana. Tuamue.

Jibu: Inawezekana, ndugu yangu, na imewahi kutokea. Mpelekee kaka yako habari ya Cleopatra.

Filamu hiyo ilipangwa kwa bajeti ya dola milioni 2 hivi. Upigaji picha ulianza Uingereza mwaka 1960. Elizabeth Taylor, aliyeahidiwa dola milioni 1 kwa nafasi ya malkia, akaugua vibaya hata ikahofiwa hataamka. Mwongozaji akabadilishwa. Majengo yaliyokwisha kusimamishwa Uingereza yakaachwa, kazi ikaanza upya Roma, na kila kitu kikajengwa mara ya pili. Ilipotoka mwaka 1963 gharama ilikuwa imepita dola milioni 30. Watu walijaza kumbi kuitazama, na hutajwa kuwa ndiyo iliyoongoza kwa mapato huko Marekani mwaka ule. Pamoja na hayo haikurudisha gharama zake kwenye kumbi. Studio yake, 20th Century Fox, ilikuwa karibu kufilisika kabla hata haijatoka, na pengo hilo lilizibwa baadaye, baada ya haki za kuionyesha kuuzwa kwa televisheni mwaka 1966 kwa dola milioni 5.

Kaka yako anakosea mahali ambapo wengi hukosea. Ile namba inayotangazwa kila Jumatatu, "filamu imeingiza milioni kadhaa", ni pesa iliyopita kwenye dirisha la tiketi. Si pesa iliyofika kwa mtengenezaji. Ukumbi hukata fungu lake, na ukichukua muda wote wa maonyesho fungu hilo mara nyingi hukaribia nusu. Msambazaji naye hukata lake. Kisha kuna matangazo, ambayo kwa filamu ya kishindo yanaweza kugharimu pesa ya kutengenezea filamu nyingine nzima, na aghalabu hayahesabiwi ndani ya ile bajeti inayoandikwa magazetini. Ndiyo maana watu wa biashara hii hupenda kusema kwamba filamu haina budi kuingiza zaidi ya mara mbili ya gharama ya kuitengeneza ndipo ianze kupumua.

Ukigeuza hesabu upande wa pili utaona maajabu yaleyale. The Blair Witch Project ya 1999 ilipigwa picha kwa chini ya dola 100,000, ikaingiza zaidi ya dola milioni 240 duniani. Haikuwa na kishindo hata chembe ilipokuwa ikitengenezwa. Kikundi kidogo cha waigizaji wasiojulikana waliingia msituni na kamera za mkononi. Fora iliyotia, ukiipima kwa kila dola iliyotumika, inazipita filamu nyingi zilizojengewa miji.

Na mkipatana, jambo moja zaidi la kuangalia: orodha za "filamu zilizoingiza pesa nyingi kuliko zote" huhesabu dola kana kwamba dola ya 1939 na ya leo zina nguvu sawa. Ukirekebisha kwa kupanda kwa bei, Gone with the Wind ya 1939 bado ndiyo inayokaa juu kabisa huko Marekani. Mtu anayejivunia rekodi ya mwaka huu, muulize kwanza ni tiketi ngapi zilikatwa.

Swali: Nimesoma mapitio mawili ya mchezo wa jukwaani. Mmarekani anasema ulikuwa bomu, Mwingereza anasema ulikwenda kama bomu. Walikuwa wanakubaliana?

Jibu: La, walikuwa wanapingana. Kwa Mmarekani, onyesho likiitwa bomu limeanguka, watu hawakuja. Kwa Mwingereza, onyesho likisemwa limekwenda kama bomu limepokewa kwa shangwe. Kifaa kilekile cha vita kimewapa wasanii jina la kufaulu na jina la kuanguka, nalo blokibasta, ambalo pia ni bomu, limebaki upande wa kufaulu pande zote mbili za bahari. Ukitafsiri, liache bomu kabisa. Kwa lililoanguka tuna neno zuri, kudoda, ambalo msomaji yeyote aliyewahi kuwa na bidhaa zisizouzika atalielewa mara moja: onyesho lilidoda. Kwa lililofaulu, sema lilitia fora, au ukumbi ulijaa pomoni.

Swali: Mimi ni mfamasia. Kwenye majarida yetu kuna dawa zinaitwa blokibasta. Hilo nalo ni jina la burudani lililopotea njia?

Jibu: Limehamia kwenu, na huko likapata nidhamu ambayo kwenye sinema hakuna. Kwa kawaida dawa huitwa hivyo ikiwa mauzo yake yamefika dola bilioni 1 kwa mwaka. Dawa ya vidonda vya tumbo iitwayo Tagamet ndiyo hutajwa kuwa ya kwanza kuvuka kiwango hicho, katika miaka ya 1980. Kwenye sinema hatuna mstari kama huo, kila mwandishi huuchora anapotaka. Natamani tungekuwa nao. Kwenye Kiswahili chenu msiseme "dawa ya kishindo", mgonjwa ataogopa. "Dawa inayoongoza kwa mauzo" inatosha.

Swali: Mzee, nimekusoma miaka mingi na umetaja chumba cha mashine mara nyingi. Wewe mwenyewe, ukiwa juu kule, ulijuaje kwamba picha imetia fora? Uliletewa hesabu?

Jibu: Hesabu ililetwa, niliiandika kwenye daftari la shule kila onyesho, tarehe na idadi ya tiketi. Lakini mara nyingi nilikwisha kujua kabla ya kuletewa.

Nilijua kwanza kwa mkanda wenyewe. Sisi tulipokea nakala zilizokwisha kuzunguka kumbi nyingine. Filamu ya saa mbili ilikuja katika makebe sita hivi, kila kebe na gurudumu lake la kama dakika 20. Nilikuwa nikifungua kebe na kuupitisha mwanzo wa mkanda kati ya vidole, kwenye mwanga wa taa. Mikwaruzo haienei sawa. Hukaa mwanzoni na mwishoni mwa kila gurudumu, kwa sababu ndipo mikono ya waendeshaji hugusa, na ndipo mkanda hupitishwa na kupitishwa tena kwenye meno ya mashine. Katikati unaweza kuwa safi kama maji. Nikikuta ncha zimechakaa, zimekatwa na kuungwa mara nne au tano, nilijua picha hii imeonyeshwa mpaka watu wamechoka kuifunga. Nikikuta ncha ni nyororo na kebe bado linang'aa, na filamu ina miezi minane tangu itoke, nilijua imekuwa ikilala stoo.

Kisha nilijua kwa dirisha. Chumba cha mashine kina tundu dogo la kioo, na kelele ya mashine humeza kicheko cha ukumbi, hivyo unachobaki nacho ni vichwa. Nilipaswa kutazama pembe ya juu kulia ya skrini mwishoni mwa kila gurudumu. Hapo huchomoza doa la mviringo, sekunde nane hivi kabla ya mwisho, nawasha injini ya mashine ya pili. Doa la pili huja ikiwa imebaki kama sekunde moja, nahamisha picha. Mtu anayengoja doa huzoea kutazama skrini nzima bila kutazama hadithi, na kwa jicho hilohilo niliwaona watu. Picha inayododa huanza na mwanga. Mlango wa ukumbi unafunguliwa, kipande cheupe kinaanguka ukutani, kinafungwa, baada ya dakika mbili kinaanguka tena. Nilikuwa navihesabu vile vipande.

Filamu moja ya kishindo tuliipokea na bango refu kama ukuta. Ijumaa ya kwanza ukumbi ulitapika watu, wengine walisimama kwenye ngazi. Vipande vya mwanga vilianza kwenye gurudumu la tatu, nikavihesabu mpaka vikanipotea. Ijumaa ya pili niliiendesha kwa ajili ya watu kumi na mmoja, na nakumbuka niliogopa kukosea doa lolote, kwa sababu wale kumi na mmoja walikuwa wamelipa sawasawa na wale wa mwanzo.

Miezi michache baadaye ilikuja nyingine, haikuwa na bango, ncha zake zimechakaa vibaya. Onyesho la kwanza watu 60. La pili, siku hiyohiyo, 110. Wiki ya tatu tuliongeza viti vya mbao pembeni, na mwenye ukumbi akaniomba onyesho la saa nne usiku ambalo halikuwa kwenye ratiba. Nilikubali. Gurudumu la mwisho likapita, majina yakaanza kupanda kwenye skrini, nikasogea kwenye kioo kuangalia kama nizime taa ya mashine mapema. Hakuna kichwa kilichokuwa kimesogea. Niliyaacha majina yapande mpaka mwisho, hata yale madogo ya wapaka rangi na madereva, kisha mkanda ukachomoka kwenye mashine na skrini ikabaki nyeupe, nao bado wamekaa.